MEZA YA TAA NA JIRANI ALIYEKETI UKUMBINI
Somo kwa vijana, walimu wa Shule ya Jumapili na wazazi



Vijana wetu wa hapa Michenga wametuomba tuwaandikie somo juu ya meza ya taa. Wanataka igizo la Krismasi la mwaka huu liwe na mwanga mzuri zaidi kuliko la mwaka jana, na wanataka mazoezi yaanze kabla mvua hazijatuita mashambani. Ombi lao ni jema, nasi tumelikubali. Lakini tunayo sababu nyingine ya kuandika, na ni vema tuieleze kwanza.

Jioni moja ya mazoezi mwaka jana, kijana aliyekuwa mezani alibonyeza kitufe asichokijua. Taa zote nne zikaanza kuwaka na kuzima upesi upesi. Watoto walishangilia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma aliinuka, akamshika mwanawe mkono, akatoka naye nje. Tulimfuata. Akatuamkia, kisha akasema: "Mwalimu, usidhani nimekasirika. Huyu mtoto ana kifafa, anameza vidonge kila siku. Zile taa haziwezi kumwangusha?"

Sisi tumefundisha katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, tukawazoeza walimu kutosema neno wasilolijua. Jioni ile hatukuwa na jibu, tukamwambia hivyo. Siku ya igizo mama yule na mwanawe hawakuja. Tangu hapo tumeuliza na kusoma, na somo hili ndilo jibu tulilomdai.

SHABAHA YA SOMO

Baada ya somo hili msomaji aweze: (a) kueleza jinsi meza ya taa inavyofanya kazi, (b) kuhifadhi picha za mwanga na kuzipanga kwa mfuatano, (c) kueleza ni mwanga wa namna gani unaoweza kumdhuru mwenye kifafa, na jinsi ya kuuzuia.

1. MEZA YA TAA NI NINI?

Tunaiita meza, lakini ni kisanduku tu chenye vitufe na vishikio vinavyosukumwa juu na chini. Vishikio hivyo tutaviita vitelezi. Meza haitoi mwanga wala haipeleki umeme wa kuwashia taa. Kila taa ina waya wake wa umeme. Meza inapeleka kitu kimoja tu, yaani namba.

Zamani kila kiwanda cha taa za maigizo kilikuwa na namna yake ya kuziongoza, na meza ya kiwanda kimoja haikusikilizana na taa za kingine. Mwaka 1986 chama cha mafundi wa maigizo huko Marekani kilitoa kanuni moja kwa wote, iitwayo DMX512. Namba 512 ni idadi ya njia zinazoweza kupita katika waya mmoja. Katika kila njia hupita namba kuanzia 0 hadi 255. Sifuri maana yake hakuna kitu, 255 maana yake kiasi chote. Ukisukuma kitelezi hadi katikati, namba inayokwenda ni kama 127, na taa hutoa nusu ya nguvu yake.

2. KUIPA KILA TAA ANUANI YAKE

Wote twajua masanduku ya posta. Barua zote hufika ofisi moja, lakini kila mtu hufungua sanduku lake. Taa nazo ni hivyo. Namba zote hupita katika waya mmoja, unaotoka mezani kwenda taa ya kwanza, kutoka hiyo kwenda ya pili, na kuendelea. Kila taa hupokea zile zilizotumwa kwenye masanduku yake tu.

Meza ya namna yetu inaweza kuongoza taa 12, na imeigawia kila taa masanduku 16. Basi taa ya kwanza huanzia 1. Ya pili huanzia 17, kwa sababu 1 na 16 ni 17. Ya tatu 33, ya nne 49. Hizo ndizo anuani za taa zetu nne.

Nyuma ya taa zetu kuna vijiswichi vidogo mstari mmoja. Cha kwanza thamani yake ni 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8, cha tano 16, cha sita 32, na kila kinachofuata ni maradufu ya kilichotangulia. Ukitaka 17, washa cha 16 na cha 1. Ukitaka 49, washa cha 32, cha 16 na cha 1. Kila mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hii, nasi twashauri apewe aifanye.

Taa zetu hutumia masanduku 7 tu kati ya 16. La kwanza ni nguvu ya mwanga wote. La pili ni rangi nyekundu, la tatu kijani, la nne buluu. La tano ni kuwakawaka. La sita na la saba ni za programu ambazo kiwanda kimeziweka ndani ya taa. Taa za viwanda vingine huenda zikapangwa vingine, kwa hiyo someni kwanza kijitabu kinachokuja na taa. Lakini likumbukeni sanduku la tano. Tutalirudia.

3. KUHIFADHI PICHA

Siku ya igizo hakuna nafasi ya kusukuma vitelezi 28 kila mwigizaji anapoingia. Ndiyo maana meza ina kumbukumbu. Tunapanga mwanga mapema, tunauhifadhi chini ya kitufe, na siku yenyewe tunabonyeza mara moja tu. Mpango mmoja wa mwanga uliohifadhiwa hivyo tunauita picha. Meza yetu ina makundi 30 ya picha 8, jumla picha 240. Kwa igizo letu picha 6 zatosha.

Hatua za kuhifadhi ni hizi:

(a) Bonyeza kitufe kilichoandikwa PROGRAM, kishikilie kwa sekunde kama 3 hadi kijitaa chake kianze kuwakawaka.
(b) Bonyeza kitufe cha taa ya kwanza, usukume vitelezi mpaka upate mwanga unaoutaka. Kwa usiku wa Bethlehemu tulitumia kitelezi cha 1 kwenye 150 na cha 4, yaani buluu, kwenye 255. Vingine vyote vilikaa 0.
(c) Bonyeza tena kitufe cha taa hiyo ili uiachilie, kisha fanya hivyo kwa taa ya pili, ya tatu na ya nne. Usipoiachilia, utakapopanga ya pili utaivuruga ya kwanza.
(d) Bonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kwenye meza yetu kimeandikwa MIDI/REC.
(e) Chagua kundi, halafu bonyeza kitufe cha picha, tuseme cha 1. Vijitaa vyote vitawaka mara tatu kukuambia kwamba imehifadhiwa.
(f) Ukimaliza picha zote, shikilia tena PROGRAM sekunde 3 ili utoke.

Hapo wengi hutishika, kwa maana taa zote hubaki gizani, wakadhani meza imeharibika. Haijaharibika. Unapotoka katika kuhifadhi, meza hujiweka yenyewe kwenye giza. Bonyeza BLACKOUT mara moja, kisha kitufe cha picha yako, na mwanga utarudi. Umeme ukikatika nao usiwe na wasiwasi juu ya picha zako. Ukirudi utazikuta.

Tunawasihi sana muwe na daftari la taa. Andikeni namba ya picha, kinachoonekana, na maneno ya mwigizaji yanayotangulia kubonyeza. Mwaka jana kijana wetu alitegemea kichwa chake, na malaika akawatokea wachungaji akiwa gizani. Lingekuwapo daftari, hata mtu mwingine angeweza kukaa mezani.

4. MFUATANO

Meza pia ina vitufe 6 vya mfuatano. Mfuatano ni picha kadhaa zilizofungwa pamoja, zikifuatana zenyewe bila mtu kubonyeza. Ingia katika kuhifadhi kama tulivyoeleza, bonyeza kitufe cha mfuatano, chagua picha, bonyeza kitufe cha kuhifadhi, chagua picha inayofuata, bonyeza tena, hadi mwisho. Wakati wa kuutumia, bonyeza kitufe cha mfuatano halafu kile kilichoandikwa AUTO.

Kuna vitelezi viwili vya kuuongoza. Kimoja ni cha mwendo, yaani kila picha ikae muda gani. Cha pili ni cha kuhama, yaani mwanga utoke katika picha moja kwenda nyingine ghafula au polepole. Ukirefusha muda wa vyote viwili unaweza kupata mapambazuko mazuri: buluu nzito, buluu nyepesi, kisha rangi ya machungwa Mamajusi wanapofika. Ukivifupisha vyote viwili, picha zile zile nzuri zinageuka kuwa taa za kuwakawaka.

Tufanye hesabu. Tuseme picha moja ni mwanga na nyingine ni giza, na kila moja inakaa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwanga na giza pamoja ni sehemu mbili za kumi. Basi katika sekunde moja taa itawaka mara 5. Sasa tuseme kila moja inakaa sekunde 2. Taa itawaka mara moja katika kila sekunde 4. Kitufe ni kile kile na picha ni zile zile. Tofauti imeletwa na kitelezi kimoja, na sasa tutaona kwa nini tofauti hiyo ni kubwa.

5. KUWAKAWAKA NA KIFAFA

Ubongo hufanya kazi kwa mishtuko midogo ya umeme. Kifafa hutokea mishtuko hiyo inapovurugika na sehemu nyingi kushtuka pamoja. Kwa watu fulani, mwanga unaowaka na kuzima kwa mwendo maalumu huuvuta ubongo ufuate mwendo huo mpaka wanaanguka. Madaktari wameona kwamba hatari iko hasa mwanga unapowaka kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde. Ile hesabu yetu ya mara 5 imo ndani yake.

Tuseme ukweli wote ili tusitie watu hofu bure. Wenye kifafa wengi hawadhuriwi na taa. Wanaodhuriwa ni kama 3 katika kila 100, na zaidi ni watoto na vijana. Lakini wapo wasiojua kwamba wanayo hali hiyo mpaka siku wanapokutana na mwanga wa namna hiyo. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, filamu ya katuni iitwayo Pokémon ilionyeshwa kwenye televisheni, na kwa sekunde chache nyekundu na buluu zilipokezana kama mara 12 kwa sekunde. Watu karibu 700, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali jioni ile. Wengi wao hawakuwa wameanguka hata mara moja kabla ya siku hiyo.

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya Japani. Basi tutazame ng'ambo ya mto wetu. Mahenge ni mahali palipoandikwa sana katika elimu ya kifafa duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa wengi walioungua kwa kuangukia motoni, na wengine waliotengwa hata kula peke yao, kwa kuwa watu waliogopa kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Aliandika pia juu ya watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye hali kama hiyo ilionekana Sudan Kusini na Uganda kaskazini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta katika sehemu za Mahenge wenye kifafa kama 2 au 3 katika kila watu 100, nao ni wengi kuliko ilivyo mahali pengi duniani. Wataalamu wanakihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo midogo inayoletwa na inzi wadogo wanaozaliana katika mito yendayo kasi. Ndiyo sababu moja ya kutoikataa dawa ya ivermektini inapogawiwa vijijini.

Watu wa Mahenge na watu wa Ifakara wameoana, wanauziana mchele, na wanasali pamoja. Katika ukumbi wenye watu 200 si ajabu kuwamo mwenye kifafa, ingawa hatamwambia mtu. Kwa hiyo anayekaa mezani asingoje mtu ajitaje ndipo awe mwangalifu.

6. KANUNI ZETU MEZANI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeziandika kanuni hizi na kuzibandika karibu na meza:

(1) Kitelezi cha 5 kikae 0 katika kila picha. Tumekifunika kwa plasta.
(2) Hakuna picha ya mfuatano itakayokaa chini ya sekunde 2. Wakuu wa usalama kazini huko Uingereza hushauri taa za kuwakawaka zisizidi mara 4 kwa sekunde. Sisi tumechagua kukaa mbali zaidi, kwa kuwa igizo letu halihitaji kuwakawaka hata mara moja.
(3) Kitufe cha MUSIC kisibonyezwe. Kitufe hiki huzifanya taa zifuate sauti, na ngoma ikichanganya taa nazo zitakimbia. Nacho tumekifunika kwa plasta.
(4) Taa moja ya kawaida ya ukumbi iachwe inawaka nyuma. Kuwakawaka kunaumiza zaidi mahali penye giza kabisa.
(5) Mtu mzima mmoja akae karibu na swichi kuu ya taa za jukwaa. Waya wa meza ukichomoka, taa nyingine huanza programu zake zenyewe. Asingoje kuitwa, azime.

Vijana waliuliza, "Radi ya usiku tutaifanyaje bila kuwakawaka?" Ifanyeni kwa mwanga mweupe mara moja, kisha ngoma kubwa. Watu wa bonde hili wanaijua radi, wala hawahitaji kuonyeshwa mara kumi.

7. MWANGA UKIANZA, NA MTU AKIANGUKA

Mwenye kifafa akikutwa na taa za kuwakawaka, kufumba macho hakutoshi, maana mwanga hupenya katika kope. Afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuzia uso upande mwingine, kisha aondoke. Wazazi wamfundishe mtoto jambo hili nyumbani, naye alizoee.

Mtu akianguka: tazama saa. Ondoa vitu vigumu na moto karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa. Usimkandamize, wala usimtie kijiko au kitu chochote mdomoni. Mtikiso ukitulia mlaze ubavu, ukae naye mpaka fahamu zirudi. Ikipita dakika 5 bila kutulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali mara moja. Ifakara tunayo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Na povu haliambukizi, mshike bila hofu. Aliyeanguka kwa mara ya kwanza naye aende akapimwe hata kama ameamka mzima, kwa sababu kifafa kina dawa. Wengi wanaozimeza kila siku bila kuruka huishi, husoma na hulima kama wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tukinunua taa ya tano, anuani yake itakuwa namba ngapi, na utawasha vijiswichi gani?
2. Katika mfuatano wa mwanga na giza kila picha inakaa robo ya sekunde. Taa itawaka mara ngapi kwa sekunde? Je, kanuni ya pili inaruhusu?
3. Kwa nini haitoshi kutangaza mlangoni tu kwamba taa zitawakawaka?
4. Katika mtaa wako, mwenye kifafa anaketi wapi kanisani, na ni nani anayeketi karibu naye?

Majibu ya swali la kwanza na la pili tutayapitia mezani siku ya kwanza ya mazoezi. Swali la nne kila mmoja alijibu nyumbani kwake.

Tumekwenda kwa mama yule tukampelekea jibu lake, tukaomba mwanawe awe mmoja wa wachungaji katika igizo la mwaka huu. Mtoto amekubali. Mama amesema atafika kwanza mazoezini, azione taa kwa macho yake. Ana haki. Ndugu vijana, siku hiyo awakute na daftari mezani, na plasta zikiwa mahali pake.